Ushanga Uliozibwa Upande Mmoja

Saa mbili usiku, Kondele, mvua imekatika,
na Mukhwana ameegesha pikipiki mlangoni mwa duka la dawa,
koti lake linachuruzikia sakafu niliyotoka kuipiga deki.
"Dada Akumu, nipe zile za rangi mbili.
Sita tu. Mafua haya yataniua."

Nitamwelezaje mtu anayepiga chafya
kwamba dawa ile ni fundi wa kubomoa,
na kazi yake ni kutafuta ukuta?
Bakteria hujijengea ukuta, tofali kwa tofali;
dawa humnyang'anya saruji
hadi maji yamwingie, apasuke
kama gunia la maharagwe yaliyolowa.
Kirusi cha mafua hakina ukuta.
Hakina jiko, hakina shamba, hata pumzi hakina.
Ni barua ndani ya bahasha,
barua yenye amri moja: ninakili.
Na seli yako, Mukhwana, seli mtiifu,
inaisoma, inaiamini,
inaacha kupika chakula chake
inakesha ikinakili.
Dawa ya rangi mbili itafika hapo
na nyundo begani,
itauliza, "Ukuta uko wapi?"
Na kwa kuwa nyundo haipendi kurudi bure
itawavunjia nyumba wapangaji wema wa tumboni mwako,
na wachache watakaosalimika
watakuwa wameijua sauti yake.

"Kwa hivyo huniuzii?"

Nikampa za kutuliza homa, nikamwambia alale.
Akanitazama kama abiria aliyenyimwa chenji.
Pikipiki ikanguruma, ikazimika papo hapo ng'ambo ya barabara,
kwa Sagwe, ambaye haulizi.

Saa tatu kamili nikavuta wavu wa mlango
nikafungua kopo langu, lile lisilokaa kwenye rafu.
Kidonge kimoja. Miaka kumi na moja, saa tatu.
Ndani yake mna uongo,
na uongo huo ndio unaoniweka hai.

Kirusi changu mimi hakiondoki kwa wiki.
Kilikuja na mwandishi wake,
mwandishi wa kinyumenyume,
anayetunga shanga uzini
apate mkufu wa kufungia ndani kabisa, kwenye kiini cha seli yangu.
Shanga zenyewe huziokota kwangu,
gizani, kwa kupapasa.
Kidonge humtia mkononi ushanga wa bandia:
umbo lile lile, wepesi ule ule,
ila umezibwa upande mmoja.
Uzi unaingia. Hautoki.
Mkufu unakomea hapo,
na mwandishi amekwama na sentensi mdomoni.

Mama alikuwa akiuza shanga Kibuye.
Ukimfikia wa namna hiyo aliutupa mtaroni:
"Huu humpotezea mtu siku nzima."
Ndiyo, mama. Ndiyo.

Sisemi uongo huu hauna gharama.
Shangazi Adoyo alimeza zile dawa za mwanzo.
Ushanga wake haukuchagua mlango;
uliingia hadi kwenye vinu vidogo vinavyoipa seli nguvu,
kwani navyo vina uzi wao,
na usiku nyayo zake ziliwaka moto,
mashavu yakabonyea,
majirani wakaanza kumhesabia siku.
Aliwazika wawili kati yao.

Alhamisi Mukhwana kapita, mkavu, anapiga mluzi.
"Unaona? Za Sagwe zilifanya kazi."
Siku saba ndizo zilizofanya kazi, nilitaka kumwambia.
Nikauliza tu, "Ulimeza zote?"
Akacheka, akapapasa mfuko wa lile koti,
akanifungulia kiganja:
mbili, zimegandana kwa mvua,
nyekundu imeingia kwenye njano,
huwezi tena kujua moja inaishia wapi.